Maji Baridi kwa Maana Zote Mbili: Kuizamia Meli Iliyolala Ziwani

Maji ya ziwa na mto, yasiyo na chumvi, Kiswahili kinayaita maji baridi. Samaki wa huko ni samaki wa maji baridi, hata kama ziwa lenyewe lina uvuguvugu wa kumwogesha mtoto mchanga. Lakini yako maziwa ambayo jina hilo linayafaa mara mbili. Maziwa makuu ya Amerika Kaskazini (si haya ya Afrika tunayoyaita kwa jina hilohilo) hayana chumvi, na vilindi vyake vina nyuzi joto kama 4 tu, kiangazi na kipupwe. Humo zimelala meli zinazokadiriwa kufika 6,000. Nyingi ni za mbao, nyingi zimepita miaka 100 chini, na baadhi zimekaa wima na milingoti yake kana kwamba zinasubiri upepo.

Kukosa chumvi na kuwa na baridi ndiyo mambo mawili yaliyozihifadhi. Na hayo hayo mawili ndiyo yanayombana mtu anayeshuka na mtungi mgongoni kwenda kuziona. Wengi huulizia uzuri wa meli kwanza, hatari baadaye, kana kwamba ni habari mbili. Mimi naona ni habari moja, na ndivyo nitakavyoieleza.

Tuanze na meli moja. Agosti 1911 yoti (meli ya starehe) ya chuma iliyoitwa Gunilda, mali ya tajiri wa Marekani, ilipanda mwamba kaskazini mwa Ziwa Superior, upande wa Kanada. Mwenyewe alikuwa amekataa kumlipa rubani anayeyajua maji yale. Hakuna aliyekufa. Baadaye, wakati wa kuivuta itoke mwambani, ililala ubavu, ikajaa maji, ikateremka mpaka kina cha mita 80 hivi. Mwaka 1980 timu ya Jacques Cousteau, mtafiti mashuhuri wa bahari kutoka Ufaransa, ilifika pale na meli yake ya utafiti, Calypso, ikaipiga picha za filamu. Nakshi za dhahabu za kwenye omo zilikuwa bado zinang'aa. Milingoti ilikuwa imesimama. Chombo cha namna hiyo kikikaa baharini miaka 70 kingekuwa tuta la kutu lililomezwa na viumbe.

Kwa nini? Baharini adui wa kwanza wa mbao ni kiumbe kiitwacho teredo. Watu humwita mnyoo kwa umbo lake, ila ni jamaa wa chaza: ana magamba mawili madogo kichwani, na kwa hayo huitoboa mbao na kuila akiwa ndani, hadi ubao unaoonekana mzima kwa nje unakuwa sega tupu. Teredo anahitaji chumvi. Hawezi kuishi ziwani. Hata Bahari ya Baltiki, yenye chumvi haba, inamshinda, na ndiyo sababu manowari ya Uswidi Vasa, iliyozama mwaka 1628, ilipandishwa mwaka 1961 ikiwa na karibu mwili wake wote.

Chuma nacho kina adui yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme: chembe zinatoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine kupitia maji. Pale ambapo shaba na chuma vinagusana, kama kwenye rafadha na mhimili wake, meli inakuwa betri kubwa inayojila yenyewe. Maji ya ziwa hupitisha umeme kidogo sana, kwa hiyo betri hiyo inafanya kazi kwa ulegevu. Kisha baridi inaongeza msaada wake. Bakteria wanaoozesha mbao, kamba, ngozi na nguo wapo ziwani pia, lakini katika nyuzi 4 wanakula kwa kujivuta.

Mfano wa wazi wa upole huo wa maji baridi haukuhitaji hata baridi yenyewe. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi stima yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika isije ikatekwa, baada ya mafundi kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaifanyia matengenezo, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mitambo ya mvuke iliyolala majini miaka ile yote iliwashwa tena ikasukuma meli. Sijui bahari ambayo ingekubali jambo hilo.

Uzito unaobadilika

Sasa tuvae vifaa. Jambo la kwanza ambalo ziwa humbadilishia mzamiaji aliyezoea bahari ni uzito. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025, ya ziwa ina kilo 1. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini mzamiaji na vifaa vyake, tuseme kilo 100 kwa jumla, anachukua nafasi ya lita 97 na nusu majini. Baharini lita hizo zinambeba kikamilifu. Ziwani zinambeba kwa upungufu wa karibu kilo 2 na nusu. Mimi nilijifunza baharini, na siku yangu ya kwanza ziwani nilifunga mkanda uleule niliouzoea, wenye vipande vya risasi, yale madini mazito yanayomsaidia mzamiaji kushuka. Nilishuka kwa kasi ambayo masikio hayakuweza kuifuata, na nilipofika chini nilitua kwa magoti kwenye tope. Wingu likapanda, na mwenzangu hakuniona mpaka alipoifuata kamba. Hapakuwa na meli mahali pale. Kama ingekuwepo, ningeangukia sitaha yake.

Hesabu hiyo hairudishwi kwa kanuni moja, kwa sababu kwenye ziwa la baridi mtu havai suti ya mpira ya kawaida. Anavaa suti kavu, yenye nguo nene ndani na hewa inayomzunguka mwili, na hewa hiyo humfanya aelee. Risasi zilizopunguzwa kwa ajili ya maji zinarudishwa kwa ajili ya suti. Njia ya kuaminika ni kupima: simama majini kwenye kina kifupi na mtungi uliokaribia kuisha, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, uone kama unaweza kutulia mita 5 bila kupanda wala kuzama. Mtungi mtupu ni mwepesi kuliko uliojaa, na mwisho wa safari ndipo unapohitaji kutulia.

Kipimo cha kina nacho husema kwa lugha ya bahari. Vingi vimesawazishwa kwa maji ya chumvi, hivyo mtu aliye mita 31 ziwani huonyeshwa 30. Hilo halina madhara kwa hesabu ya naitrojeni, maana mwili unasikia mgandamizo na kipimo kinapima mgandamizo huohuo. Unapotaka kulinganisha na ramani ya meli, hapo tofauti inaonekana.

Lenye uzito zaidi, na ambalo watu wengi hulisahau, ni kimo cha ziwa lenyewe. Bahari zote ziko usawa mmoja. Maziwa yametawanyika mpaka milimani. Chukua Ziwa Tahoe, mpakani mwa California na Nevada, mita 1,897 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1940 stima ya abiria iliyokuwa na jina hilohilo, Tahoe, ilizamishwa na mwenyewe kwa makusudi. Alitaka ikae kina kifupi ili watalii waitazame kupitia boti zenye sakafu ya kioo. Ikateleza kwenye mteremko, ikaenda zake zaidi ya mita 100 chini.

Mtu anapozama, mgandamizo unaisukuma naitrojeni ya hewa anayovuta iingie kwenye damu na nyama. Anapopanda, naitrojeni inataka kutoka. Akipanda taratibu inatoka kwa mapafu. Akipanda haraka inatoka kama gesi ya soda iliyofunguliwa ghafla, viputo vikaziba mishipa na kuumiza viungo na uti wa mgongo. Kinachoamua ukubwa wa hatari ni ulinganisho: mgandamizo wa chini ni mara ngapi ya ule unaourudia juu? Usawa wa bahari, mita 30 ni mara 4. Kule Tahoe hewa ya juu ina mgandamizo wa kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani, na mita 30 za maji yake zinakuwa mara 4.6. Kwa mwili, mita 30 za pale ni kama mita 36 za baharini. Anayefuata jedwali la bahari, lile linaloonyesha muda salama wa kukaa kila kina, anajidanganya kwa mita 6 nzima, na damu haidanganyiki. Ndiyo maana majedwali ya kimo huanza kutumika ziwa likifika kama mita 300 juu ya bahari, na ndiyo maana kompyuta ya kuzamia inayovaliwa mkononi lazima iulizwe kabla ya kushuka: je, umejipima kimo, na umewekewa maji baridi? Ziwa Superior liko mita 183 tu, kwa hiyo wazamiaji wa kule wamesamehewa hesabu hii. Hawakusamehewa baridi.

Baridi inavyokamata hewa

Maji yana tabia ya ajabu: huwa mazito kuliko yote yakiwa na nyuzi 4, siyo yakiganda. Kwa hiyo maji ya nyuzi 4 huzama yakakaa chini, na jua la kiangazi linayapasha yale ya juu tu, yakawa blanketi la maji vuguvugu ambalo halichanganyiki na ya chini. Mzamiaji huuona mpaka huo kwa macho. Anashuka ndani ya nyuzi 18, kisha mbele yake maji yanayumbayumba kama hewa juu ya lami ya mchana, mkono unapita, na vidole vinakuwa vya kwanza kupata habari. Mita moja baadaye paji la uso linauma kana kwamba limegongwa. Maji yanachota joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa ya kiwango hichohicho cha baridi, na mtu anayetetemeka hutumia hewa nyingi, hufikiri polepole, na vidole vyake hushindwa kufungua kifungo ambacho nyumbani hukifungua gizani.

Lakini kitu cha kukitazama kwa karibu ni rejuleta, kile kifaa kinachochukua hewa ya mtungini yenye mgandamizo wa bari 200 (bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya pwani) na kuileta mdomoni kwa kiasi kinachovutika. Kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza, ile iliyofungwa kwenye shingo ya mtungi, inaishusha hewa kutoka bari 200 hadi kama 10 juu ya mgandamizo wa maji yanayoizunguka. Hewa inayotanuka hivyo hupoa ghafla, chini kabisa ya sifuri. Chuma kinachoigusa kinapoa nacho. Baharini kuna nafuu kidogo, kwani maji ya chumvi huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri. Ya ziwani huganda kwenye sifuri kamili, nayo tayari yako kwenye 4. Barafu ndogo, pengine isiyozidi punje ya mchele, inajishika kwenye springi au pistoni. Vali inakwama ikiwa wazi.

Hapo mzamiaji husikia mngurumo. Hewa inamiminika mdomoni bila kukoma, mapovu yanafunika uso, na kadiri inavyomiminika ndivyo inavyozidi kupoza, na barafu inazidi kukaza. Mtungi uliokuwa wa nusu saa unakwisha kwa dakika chache. Anayejua lake hang'atuki kwenda juu. Anaruhusu hewa ya ziada itoke pembeni mwa midomo na kunywa ile anayoihitaji, anampa ishara mwenzake, anahamia kwenye rejuleta ya pili iliyofungwa kwenye vali yake yenyewe, kisha anaifunga vali iliyokwama. Ikikaa imefungwa dakika moja au mbili barafu huyeyuka. Ndiyo sababu wazamiaji wa meli za ziwani hubeba hatua mbili za kwanza badala ya moja, zilizozibwa maji yasiingie kwenye springi, na utawaona wakikwepa kuvuta pumzi kwenye rejuleta wakiwa bado juu botini, maana mvuke wa pumzi ndio unaoenda kuganda.

Meli nzima ni nyumba nzima

Meli iliyozama baharini kwa miaka 100 kwa kawaida imeshafunguka. Kuta zimeanguka, deki zimelala, unaielea juu kama unavyopita juu ya magofu. Ya ziwani ina milango. Ina ngazi, ina vyumba, ina jiko na falka. Uzima wake ndio unaomwita mtu aingie, na nadhani hakuna mwito mbaya kuliko huo kwa asiyefunzwa.

Ndani hakuna njia ya kwenda juu moja kwa moja. Chini kuna tope laini lililotua miaka yote bila kuguswa, na hapa ukosefu wa chumvi unarudi tena kwa sura nyingine. Chembe za udongo wa mfinyanzi ndani ya maji ya chumvi hushikana, zikawa nzito, zikazama. Kwenye maji baridi kila chembe inamsukuma mwenzake, hazishikani, zinaning'inia. Teke moja la pezi lililoelekezwa chini linaweza kuzima taa za chumba kizima kwa muda mrefu kuliko hewa ya mtungini. Kwa hiyo waliofunzwa hupiga teke la chura, miguu ikiwa imekunjwa juu na maji yakisukumwa nyuma. Hufungua kamba kutoka nje ya mlango, wakaifunga tena na tena wanapopita, ili macho yakizimwa mkono upate njia. Na hugawa hewa kwa mafungu matatu: fungu moja la kuingia, moja la kutoka, na moja lisiloguswa, kwa ajili ya shida yako au ya mwenzako. Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa anayeingia ndani ya meli iliyozama, tezi na omo ni vya kutazamwa tu. Marejeo yake ni pale kamba ilipofungwa.

Kina kinaongeza ugumu wa namna yake. Kuanzia mita 30 hivi naitrojeni huanza kulevya, na baridi na giza huufanya ulevi huo uwe mzito zaidi. Kwenye mita 80, ilipo Gunilda, hata oksijeni ya hewa ya kawaida inageuka sumu: mgandamizo wake unafika bari 1.8 na ushei, wakati kikomo kinachokubalika ni 1.4 kwa anayefanya kazi na 1.6 kwa aliyetulia. Kinachofuata kikizidi ni kifafa, na kifafa chini ya maji ni kuzama. Kina hicho kinadai mchanganyiko wenye heliamu, mitungi kadhaa, na kupanda kunakochukua zaidi ya saa moja kwa dakika 20 za chini. Wazamiaji wawili wamefia kwenye yoti ile, mmoja mwaka 1970, mwingine mwaka 1989.

Si kila meli inadai hayo. Bandarini Tobermory, katika Ziwa Huron upande wa Kanada, skuna (meli ya matanga) Sweepstakes iliyojengwa mwaka 1867 imelala kwenye mita 6 tu, na mtu anayeogelea juu akiwa na miwani ya majini anaiona. Stima America, iliyozama mwaka 1928 kwenye Kisiwa cha Royale ndani ya Ziwa Superior, imelala kwenye mteremko: omo iko chini ya mita moja kutoka juu ya maji, na tezi iko mita 25 chini. Unaweza kuisoma meli nzima kama ukurasa, kutoka juu kwenda chini, na kusimama pale cheti chako kinapokuruhusu.

Waliobaki ndani

Baridi inayohifadhi mbao inahifadhi pia watu. Mwili wa mtu aliyezama kwa kawaida hupanda baada ya siku kadhaa kwa sababu bakteria wa ndani hutengeneza gesi. Katika nyuzi 4 bakteria hao hawafanyi kazi ya kutosha, na mwili unabaki chini. Mafuta yake hugeuka taratibu kuwa kitu kigumu cheupe kama nta. Meli ya mizigo Kamloops ilipotea Desemba 1927 pamoja na wote 22 waliokuwamo, ikapatikana mwaka 1977 karibu na kisiwa hichohicho cha Royale, zaidi ya mita 50 chini. Wazamiaji walimkuta mmoja wa mabaharia kwenye chumba cha mashine. Wengine tangu hapo wamempa jina la utani na kwenda kumtazama kama sehemu ya ziara. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Yule ni mtoto wa mtu.

Edmund Fitzgerald, meli ya madini iliyovunjika kwenye dhoruba ya tarehe 10 Novemba 1975 ikiwa na watu 29, imepewa heshima bora. Iko mita 160 hivi chini. Mwaka 1995, kwa ombi la familia, kengele yake ilipandishwa na kuwekwa nyingine yenye majina ya wote 29. Leo sheria ya jimbo la Ontario haimruhusu mtu kuizamia bila kibali. Kwa meli nyingine zilizozikwa kwenye sakafu ya maziwa upande wa Marekani, sheria ya mwaka 1987 iliyapa majimbo umiliki wa vyombo vilivyotelekezwa, ikafunga mlango wa mazoea ya kung'oa kengele, taa na usukani na kwenda navyo nyumbani. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 nao unasema chaguo la kwanza ni kuiacha mali ya kale pale ilipolala.

Wapo wanaouliza kwa nia njema: kama meli ni nzima, si bora ipandishwe watu wote waione? Jibu lipo, na jina lake ni Alvin Clark. Skuna hii ilizama mwaka 1864 katika ghuba ya Green Bay, Ziwa Michigan. Mzamiaji aliyeitwa kunasua nyavu za wavuvi aliigundua mwaka 1967, na mwaka 1969 ikapandishwa. Ilipotolewa maji ikaelea kwa ubao wake wenyewe, baada ya miaka 105 chini. Watu walilia kwa furaha, na wangewezaje kutolia? Lakini mbao zilizoshiba maji zikikauka hujikunja na kupasuka, chembe kwa chembe. Vasa ilinyunyiziwa dawa ya kujaza nafasi ya maji kwa miaka 17, kwa fedha za taifa zima. Alvin Clark haikupata fedha hizo. Ilioza nchi kavu, na mwaka 1994 masalia yake yalivunjwa. Maji yaliitunza zaidi ya karne. Hewa iliimaliza kwa miaka 25.

Kuiacha chini nako hakuna tena uhakika wa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, maji ambayo meli za mizigo hubeba tumboni kujipa uthabiti yalimwagwa kwenye maziwa yale yakiwa na wageni: kome milia, na baada yake kome kwaga, wote wa upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi. Kila kome huchuja hadi lita moja ya maji kwa siku, na wako mabilioni. Maji yamekuwa maangavu. Mahali ambapo mzamiaji alikuwa akiona mita chache sasa anaona meli toka omo hadi tezi. Anachokiona ni umbo tu. Jina ubavuni, nakshi, alama za shoka la fundi, vyote vimefunikwa na tabaka la magamba. Uzito wao unaangusha vibanda na milingoti iliyosimama karne nzima, na nyuzi wanazojishikia huharakisha kutu ya misumari inayoushika ubao na taruma. Ziwa Superior peke yake limenusurika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maji yake yana kalisi haba na kome hawezi kujengea gamba.

Kwa hiyo kazi imebadilika. Katika hifadhi ya Thunder Bay, Ziwa Huron, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa ya kwanza ya taifa la Marekani kwenye maji baridi, kuna maboya ya kufungia boti ili nanga isiangukie deki, na meli zinapigwa picha kwa mamia na maelfu, zikaunganishwa na kompyuta kuwa umbo la pande zote ambalo hata asiyejua kuogelea anaweza kulizunguka. Kabla ya kuhama ziwa, wazamiaji huosha suti, hukung'uta maji ya jaketi na kukausha kila kitu, maana kome mchanga haonekani kwa jicho. Na wakati wa kupiga picha, mzamiaji huelea mita mbili juu ya sitaha, mapezi juu, akihakikisha kwamba yuko nje ya kila paa na kila deki anapotoa pumzi. Mapovu yakinaswa chini ya ubao hufanya mfuko wa hewa, na ndani ya mfuko huo ubao huanza kuoza na chuma kushika kutu.